Betri Haifi kwa Kazi, Hufa kwa Kusahauliwa

Namna ya kutunza betri ya gari linaloegeshwa kwa muda mrefu



Miaka michache iliyopita rafiki mmoja anayetusaidia kwa michango yake alisoma taarifa zetu za matumizi za miaka minne mfululizo. Alizipanga mezani kwake, akazilinganisha, kisha akatuandikia barua fupi. Hakulalamika. Aliuliza swali moja tu: kwa nini gari linalotembea kidogo kuliko mengine yote ndilo linalonunuliwa betri mara nyingi kuliko mengine yote?

Hatukuwa na jibu. Katika taarifa zile tulikuwa tumeandika kwamba betri ilikuwa ya kiwango duni, na kila mara tulimlaumu mwenye duka. Safari hii tuliketi na dereva na fundi, tukafungua daftari la gari. Tuliona kwamba kila mwaka gari lile lilisimama bandani kuanzia Desemba hadi Aprili, wakati njia za vigangoni hazipitiki kwa matope. Betri tatu zilikuwa zimekufa ndani ya miaka minne, na zote zilikufa mwezi Machi au Aprili. Hakuna hata moja iliyofia njiani. Zote zilifia bandani. Wenye duka hawakuwa na kosa. Sisi wenyewe ndio tuliokuwa tunaziua.

Jambo hili si la fedha peke yake. Usiku mmoja wa mwezi Machi ndugu walimleta mama mjamzito kwa machela, uchungu ukiwa umemshika tangu asubuhi. Safari za vigangoni zilikuwa zimesitishwa, lakini barabara ya changarawe ya kwenda hospitali ya wilaya ilikuwa inapitika. Gari lilikuwepo, dizeli ilikuwepo, na dereva aliamka mara moja. Alipogeuza ufunguo tulisikia mlio mmoja mdogo, kisha kimya. Vijana walisukuma mpaka wakachoka. Zilipita saa tatu kabla ya kumpata mwenye trekta aliyekubali kuleta betri yake. Mama yule na mtoto wake wako hai, tunamshukuru Mungu. Lakini hakuna kati yetu tuliokuwepo usiku ule atakayesema tena kwamba betri ni jambo dogo.

Katika makala hii tunaeleza tuliyojifunza tangu hapo. Hayahitaji fundi wa mjini wala fedha nyingi. Yanahitaji kujua betri inavyofanya kazi, na mtu mmoja wa kuikumbuka.

Kwa nini magari yetu husimama

Wengi hudhani kwamba gari linalosimama linapumzika. Katika parokia zetu magari husimama kwa sababu nyingi. Kusini na magharibi mwa Tanzania mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo njia nyingi za udongo hazipitiki kwa gari. Mahali pengine gari husubiri kipuri kutoka mjini, au fungu la mafuta limekwisha, au paroko amekwenda masomoni. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, nchini Uganda magari ya watu binafsi yalikatazwa kubeba abiria tangu mwisho wa Machi hadi karibu na mwisho wa Mei. Wenye magari wengi walijifunza wakati huo kwamba miezi miwili ya kusimama inatosha kuimaliza betri.

Kwa hiyo kusimama kwa gari ni jambo la kawaida. Kosa ni kuliegesha bila kuliandaa, kana kwamba litatumika kesho.

Betri inavyofanya kazi

Betri ya gari ni chombo cha zamani. Gaston Planté wa Ufaransa aliitengeneza ya kwanza ya aina hii mwaka 1859, na kanuni yake haijabadilika hadi leo. Ndani ya betri ya volti 12 kuna vyumba sita, ambavyo mafundi huviita seli. Kila seli hutoa volti 2 na kidogo. Ndani yake kuna sahani za madini ya risasi zilizozama katika mchanganyiko wa maji na asidi ya salfa.

Betri inapotoa umeme, asidi huungana na risasi, na juu ya sahani hujitokeza utando wa chumvi nyeupe uitwao salfeti ya risasi. Maji ya betri nayo hubaki na asidi kidogo. Betri inapochajiwa, utando ule huyeyuka, asidi hurudi majini, na sahani huwa safi tena. Mzunguko huu unaweza kurudiwa mara nyingi sana, mradi utando usiachwe ukae.

Hapo ndipo penye siri yote. Fikirini sufuria ya ugali. Ukiiosha jioni ileile, ukoko hutoka bila shida. Ukiiacha siku tano bila maji, ukoko hukauka ukawa kama jiwe, na hata ukisugua kwa mchanga haitoki yote. Ndivyo ilivyo kwa betri. Salfeti iliyojitokeza leo ni laini na chaja huiondoa. Ikikaa wiki na miezi katika betri isiyo na moto, hugeuka fuwele ngumu zinazofunika sahani. Sehemu iliyofunikwa haifanyi kazi tena. Unaweza kuichaji betri hiyo usiku kucha, taa zikawaka vizuri asubuhi, lakini ukigeuza ufunguo haina nguvu ya kuzungusha injini.

Basi betri iliyojaa inaweza kukaa miezi kadhaa bila kudhurika sana. Betri iliyoachwa nusu au tupu hudhurika kila siku inayopita. Haya ndiyo maneno ambayo tungependa kila mjumbe wa kamati ayakumbuke, hata akisahau mengine yote.

Wezi watatu wa moto wa betri

Moto wa betri hupotea bandani kwa njia tatu.

Mwizi wa kwanza yumo ndani ya betri yenyewe. Hata ikiwa imefunguliwa nyaya zote, betri hupoteza asilimia chache za moto wake kila mwezi. Joto huongeza upotevu huo: kila joto linapopanda kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi, upotevu hukaribia kuongezeka maradufu. Ndiyo maana betri iliyokaa chini ya bati kali huisha upesi kuliko iliyokaa chumba chenye ubaridi.

Mwizi wa pili ni vifaa vya gari vinavyotumia umeme hata ufunguo ukiwa umetolewa. Saa, kumbukumbu ya redio, king'ora cha wezi na kompyuta ya injini, vyote hunyonya kidogo kidogo. Magari mengi ya miradi yamefungwa pia kifaa cha kufuatilia safari za gari, nacho hunyonya usiku na mchana. Tufanye hesabu. Betri ya ampea-saa 70 (kwenye betri huandikwa Ah 70) iko katika gari ambalo vifaa vyake hunyonya miliampea 50, kiasi ambacho si cha ajabu. Kwa siku moja hupotea Ah 1.2. Kwa siku 30 hupotea Ah 36, yaani zaidi ya nusu ya betri. Kabla ya kwisha miezi miwili betri ni tupu, na hakuna mtu aliyeligusa gari.

Mwizi wa tatu ni sisi wenyewe. Tunachaji simu ndani ya gari lililozimwa. Tunaacha taa ndogo ya ndani ikiwaka kwa sababu mlango haukufungwa sawasawa. Kubwa zaidi, tunaitoa betri ya gari tukaitumia kuendesha spika za mkutano au taa za mkesha wa Krismasi, kisha tunairudisha ikiwa tupu. Betri ya gari haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Sahani zake ni nyembamba na nyingi, ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Betri za sola za aina ya kutoa moto polepole zina sahani nene. Ukiitumia betri ya gari mpaka iishe mara kadhaa tu, umefupisha sana maisha yake. Tulipochunguza daftari letu, tuligundua kwamba betri mbili kati ya zile tatu zilikuwa zimetumika kwenye sikukuu ya Noeli, kisha zikarudishwa bandani bila kuchajiwa.

Desturi zisizosaidia

Katika kutembelea parokia tumekuta desturi kadhaa zinazofanywa kwa nia njema, lakini hazisaidii.

Kuwasha injini dakika tano kila wiki. Kuwasha injini huchukua moto mwingi kwa muda mfupi. Dakika tano za injini kunguruma polepole hurudisha ule uliotumika kuwashia na zaidi yake kidogo tu. Yale ya wiki nzima yaliyonyonywa na vifaa hayarudi. Aidha injini haipati joto la kutosha kukausha unyevu uliomo ndani ya oili na bomba la moshi. Kama gari linaweza kutoka, liendeshwe barabarani nusu saa hadi saa moja. Kama haliwezi kutoka, ni afadhali lisiwashwe, betri ichajiwe kwa chaja.

Kuongeza asidi betri ikiwa dhaifu. Kinachopungua ndani ya betri kwa kawaida ni maji, asidi inabaki. Betri dhaifu inahitaji kuchajiwa. Ukiongeza asidi unaunguza sahani. Madukani huuzwa vyote viwili, maji ya betri na asidi ya betri, kwa hiyo anayetumwa dukani asome kibandiko kwanza.

Kutoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma. Wako wanaofanya hivyo kupima kama altaneta inachaji, na wengine huwasha gari la kwanza, wakachomoa betri, wakaenda kuwasha la pili. Waya unapotolewa, volti za altaneta hupanda ghafla na zinaweza kuunguza altaneta yenyewe na kompyuta ya gari. Hasara yake ni kubwa kuliko bei ya betri.

Kuogopa sakafu ya saruji. Wazee wa ufundi husema betri ikiwekwa kwenye saruji humalizwa moto na sakafu. Neno hili lilikuwa na maana zamani, wakati makasha ya betri yalipokuwa ya mbao au ya mpira uliopitisha unyevu. Makasha ya plastiki ya siku hizi hayapitishi umeme. Ubao chini ya betri ni mzuri kwa usafi na kwa kukinga sakafu isimwagikiwe asidi, lakini usimfanye mtu aamini kwamba akiweka ubao amemaliza kazi.

Hatua za kufuata gari linapoegeshwa

Tunashauri hatua zifuatazo kwa gari litakalosimama zaidi ya wiki tatu.

1. Safisha. Futa juu ya betri kwa kitambaa chenye unyevu. Vumbi lenye unyevu wa asidi huweza kupitisha umeme kidogo kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Kama vichwa vya betri vina unga mweupe au wa kijani, viosheni kwa maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa na magadi soda, mkihakikisha hayaingii ndani ya seli. Kausheni, kisha pakeni grisi au mafuta ya mgando.

2. Angalia maji. Kama betri ina vifuniko, fungua uone. Sahani lazima ziwe zimezama, maji yakizipita kwa takriban sentimita moja. Kama zimeonekana juu ya maji, ongeza maji ya betri kiasi cha kuzifunika tu. Jaza hadi alama ya juu baada ya kuchaji, kwa kuwa maji hupanda wakati wa kuchaji na yanaweza kumwagika. Maji ya kisima au ya bomba yana chumvi na madini yanayoharibu sahani. Betri isiyo na vifuniko isilazimishwe kufunguliwa.

3. Ijaze moto kabisa. Hii ni hatua kubwa kuliko zote. Msiegeshe gari lenye betri nusu. Kiwango kizuri cha kuchaji ni sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri: betri ya Ah 70 ichajiwe kwa ampea 7 hivi. Iliyofika nusu huhitaji karibu usiku mzima. Parokia yenye jenereta inaweza kuchaji wakati ambapo jenereta inawashwa kwa kazi nyingine, kama kupandisha maji.

4. Tenga betri na gari. Zima kila kitu, kisha legeza kwanza waya wa hasi, wenye alama ya kutoa (−), ambao umefungwa kwenye bodi ya gari. Ukianza na waya wa chanya (+) na spana ikagusa bodi, cheche kubwa hutokea. Wakati wa kurudisha, waya wa hasi uwe wa mwisho. Kabla ya kutenga, hakikisha kwamba milango inafunguka kwa ufunguo wa mkono na kwamba namba ya siri ya redio, kama ipo, imeandikwa. Kama gari lina kifaa cha kufuatilia safari, mwenye kukisimamia aarifiwe kwamba kitazimika. Gari lenye betri mbili, zote mbili zitengwe.

5. Ihifadhi mahali pa baridi na pakavu. Kama banda lina joto kali au wezi, itoe betri uiweke katika stoo yenye hewa, mbali na watoto, mbali na jiko na mbali na vyumba vya kulala.

6. Pima kila mwezi. Mita ya volti ya bei ndogo inatosha. Ipimwe betri ikiwa imepumzika saa kadhaa tangu ilipochajiwa au kutumika, vinginevyo mita itadanganya. Soma hivi:

Volti 12.6 au zaidi: imejaa.
Volti 12.4: imebaki robo tatu hivi. Ichajiwe sasa.
Volti 12.2: imebaki nusu. Imeanza kudhurika.
Volti 12.0: imebaki robo hivi. Ichajiwe leo hii.
Chini ya volti 11.9: ni tupu.

Angalieni jinsi namba hizi zilivyokaribiana. Mtu asiyejua huona volti 12.0 akasema betri ya volti 12 iko sawa, kumbe iko karibu kufa. Ndivyo tulivyofanya sisi kwa miaka.

7. Andika. Tarehe, volti na jina la aliyepima viandikwe katika daftari la gari. Daftari lisiloandikwa maana yake betri haikupimwa.

Jua la Mungu nalo husaidia

Parokia nyingi hazina umeme wa gridi, lakini jua lipo. Paneli ndogo ya sola ya wati 5 hadi 10 inaweza kuitunza betri ikiwa imejaa kwa muda wote wa kusimama. Paneli ya wati 5 ikipata jua zuri saa tano hurudisha takriban Ah 1.5 kwa siku. Kiasi hicho ni zaidi ya Ah 1.2 tulizohesabu kwamba huibwa na vifaa. Msimu wa mawingu mapato hupungua, kwa hiyo wati 10 ni salama zaidi, hasa kwa gari ambalo nyaya zake haziwezi kutengwa kwa sababu linasubiri dharura.

Ni muhimu paneli ipitie kwenye kidhibiti chaji. Kifaa hiki huzuia betri isichajiwe kupita kiasi mpaka ikakauka maji, na huzuia moto usirudi kwenye paneli usiku. Paneli iwekwe nje penye jua na ifungwe vizuri. Iliyowekwa ndani ya kioo cha gari lililo bandani haifanyi kazi. Aidha tusisahau kwamba paneli ndogo kazi yake ni kutunza betri iliyojaa. Haiwezi kufufua iliyokufa.

Usalama

Betri inapochajiwa hutoa hewa ya hidrojeni, ambayo hulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba. Chaji mahali penye madirisha wazi. Usivute sigara, wala usimulike ndani ya betri kwa kibatari au kiberiti, tumia tochi. Unganisha koleo za chaja kwanza ndipo uwashe umeme, na zima umeme kabla ya kuzitoa. Vua pete na saa ya chuma mkononi.

Asidi ikimwagikia ngozi, osha mara moja kwa maji mengi. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha mpelekeni mgonjwa kituo cha afya bila kuchelewa.

Betri ikifa, isiachwe nyuma ya nyumba

Hata betri iliyotunzwa vizuri ina mwisho wake. Risasi iliyomo ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, Dakar, nchini Senegali, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo risasi ya betri chakavu ilikuwa ikikusanywa na kuchekechwa. Huku kwetu Afrika Mashariki, wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu ilirudisha fidia hiyo Desemba 2024.

Kwa hiyo betri iliyokufa isivunjwe ili kupata risasi ya kutengenezea vizito vya nyavu za kuvulia, wala asidi yake isimwagwe shambani. Ihifadhiwe ikiwa nzima, imesimama wima, na irudishwe kwa muuzaji au mnunuzi mwenye kibali. Wauzaji wengi hupunguza bei ya betri mpya ukirudisha ya zamani. Kila betri tunayoiongezea miaka miwili ya maisha ni sumu ambayo haijafika kijijini mapema.

Kazi ya kamati

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mita ya volti, chaja ya kawaida na paneli ndogo ni vitu vinavyonunuliwa mara moja. Betri mpya kila mwaka ni mzigo usiokwisha. Tunawaomba wafadhili wetu, mnapotusaidia kupata gari, mruhusu vifaa hivi vitatu viingie katika bajeti ileile. Na ninyi wajumbe wa kamati, mchague mtu mmoja anayejulikana kwa jina, si "dereva au yeyote atakayekuwepo". Kazi ya wote ni kazi isiyo na mwenyewe.

Tangu tulipoanza kufuata hatua hizi, gari lile lililoulizwa katika barua limepita misimu mitatu ya mvua kwa betri moja. Katika msimu wa pili liliitwa usiku mara mbili, na mara zote mbili liliwaka. Tulimwandikia rafiki yetu kumweleza, tukamwambukizia nakala ya ukurasa mmoja wa daftari. Alijibu kwamba katika taarifa zote tulizowahi kumpelekea, ukurasa ule ndio uliomfurahisha zaidi.

Maswali ya kujadili katika kikao cha kamati

Gari letu, pikipiki au trekta letu lilisimama muda gani katika mwaka uliopita, na betri yake ilikuwa katika hali gani liliposimama?

Katika miaka mitano tumenunua betri ngapi, na kila moja ilikufa mwezi gani?

Je, betri ya gari hutumika kwa spika au taa? Tunaweza kupata wapi betri nyingine kwa kazi hiyo?

Leo usiku akiletwa mgonjwa, nani kati yetu ana hakika kwamba gari litawaka, na hakika hiyo ameipata wapi?

Swali la mwisho lisijibiwe kikaoni. Tokeni nje na mita ya volti, fungueni boneti, mkapime.